Lee au Meade: kamanda yupi wa Gettysburg asomwe kwanza na anayejifunza kuongoza?

Anayetaka kujifunza uongozi wa kijeshi kupitia pambano moja tu la Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani mara nyingi huishia Gettysburg, mji mdogo wa Pennsylvania ambako majeshi mawili yalikabiliana kuanzia tarehe 1 hadi 3 Julai 1863, na ambako takriban watu 51,000 waliuawa, walijeruhiwa, walitekwa au hawakuonekana tena. Akifika hapo hulazimika kuchagua wa kumfuata kwa karibu, kwa kuwa mambo ya siku tatu zile ni mengi mno kuyashika yote kwa mkupuo: Jenerali Robert E. Lee, aliyeliongoza jeshi la majimbo ya Kusini yaliyojitenga, au Jenerali George G. Meade, aliyeliongoza jeshi la Muungano, yaani la serikali kuu ya Marekani. Wengi humchagua Lee bila kusita, kwa sababu jina lake ndilo walilolisikia zaidi. Mimi ningewashauri wengi wao, ingawa si wote, waanze na Meade.

Kuwapima kwa ujasiri au kwa elimu hakutufikishi mbali. Wote wawili walihitimu chuo cha kijeshi cha West Point, Lee mwaka 1829 na Meade mwaka 1835. Wote wawili walikuwa wahandisi waliozoea kusoma ardhi. Na hakuna kati yao aliyekuwa mwoga. Kipimo chenye manufaa zaidi ni safari ya amri: jinsi ilivyotoka kwa kamanda, ikafika kwa mtekelezaji ikiwa na maana gani, na habari zilivyorudi kwa kamanda kabla hajaamua jambo linalofuata. Kwa kipimo hicho watu hawa wawili wanatengana waziwazi, na ndipo penye somo.

Lipo jambo jingine ambalo mafunzo ya uongozi hupenda kuliruka. Jeshi la Lee lilipigania serikali iliyoasisiwa ili kulinda utumwa, na lilipokuwa Pennsylvania askari wake waliwakamata watu weusi, wakiwemo waliokuwa huru, wakawapeleka Kusini utumwani. Ulinganisho huu unahusu ustadi wa kuamuru, lakini anayemfanya mtu kuwa kielelezo hachukui ustadi wake peke yake.

Hali waliyoikuta

Lee alikuwa amelishika jeshi lake tangu Juni 1862, na katika kipindi cha miezi 13 alikuwa amelizoea nalo likamzoea. Ushindi wa Fredericksburg mwezi Desemba 1862 na wa Chancellorsville mwezi Mei 1863 ulimfanya aamini kwamba askari wake wa miguu hawashindwi na lolote wakielekezwa vizuri. Hata hivyo Chancellorsville ilimgharimu Thomas Jackson, msaidizi wake aliyemwamini kuliko wengine, ambaye alipigwa risasi gizani na askari wa upande wake mwenyewe na kufariki tarehe 10 Mei. Lee alilipanga upya jeshi katika vikosi vikuu vitatu badala ya viwili, akamwacha James Longstreet katika nafasi yake na kuwapandisha Richard Ewell na A. P. Hill. Kwa maneno mengine, theluthi mbili za jeshi ziliingia Gettysburg chini ya watu waliokuwa wageni wa ngazi ile.

Hali ya Meade ilikuwa ngumu zaidi kwa namna nyingine kabisa. Tarehe 28 Juni, kiasi cha saa tisa usiku, Kanali James Hardie aliingia katika hema lake akitoka Washington, na Meade alipozinduka usingizini alidhani amekuja kukamatwa. Kumbe alikuwa ameletewa amri ya kuchukua uongozi wa jeshi zima kutoka kwa Joseph Hooker, jeshi la watu zaidi ya 90,000 lililotawanyika katika barabara za Maryland, ambalo mipango yake hakushirikishwa. Risasi za kwanza za Gettysburg zililia siku tatu baadaye. Hakuwa na muda wa kuteua wasaidizi wapya. Hata mnadhimu mkuu, Daniel Butterfield, alikuwa mtu wa Hooker, na Meade alilazimika kubaki naye.

Kwa hiyo msomaji ajiulize kwanza yeye yuko katika hali ipi. Anayeongoza watu aliowalea mwenyewe kwa muda mrefu ataona mengi yanayomhusu kwa Lee. Aliyekabidhiwa usiku kazi iliyoharibika mikononi mwa mwingine, pamoja na wasaidizi ambao hakuwachagua, hana mwenzake wa karibu kuliko Meade.

Amri ya tarehe 1 Julai

Ikiwa msomaji ana muda wa kulinganisha kitu kimoja tu, alinganishe amri mbili zilizotolewa mchana wa siku ya kwanza.

Jioni ilipokaribia, askari wa Muungano walikuwa wamefurushwa kupitia mitaa ya mji na walikuwa wakijikusanya upya Cemetery Hill, kilima kilicho kusini mwa mji. Lee alikiona kilima hicho akatambua thamani yake. Alimpelekea Ewell agizo kwamba akiteke ikiwezekana, lakini asianzishe pambano kubwa kabla jeshi lote halijawasili. Ewell alitazama kilima, akatazama askari wake waliochoka na vikosi vilivyochanganyikana katika vichochoro, akapima, akaona haiwezekani. Hakushambulia. Usiku huo Muungano ulichimba, ukapanga mizinga, na kilima hakikutekwa tena.

Wanahistoria wamemlaumu Ewell kwa miaka zaidi ya 150, na mimi naona lawama hiyo imebebeshwa mabega yasiyo yake. Kila aliyewahi kupokea agizo lenye neno “ikiwezekana” kutoka kwa mkubwa mwenye adabu anaijua shida yake: hujui kama umeruhusiwa kuacha, au umeamriwa kwa lugha ya upole. Agizo la Lee lilikuwa na pande mbili zinazovutana, chukua kilima na usiingie vitani, na mtu mwenye akili timamu angeweza kulitii kwa kwenda au kwa kubaki. Jackson alikuwa amezoea maagizo ya namna hiyo na alijua mkubwa wake anataka nini. Ewell alikuwa ametumikia chini ya Jackson, ambaye yeye aliwaamuru wasaidizi wake moja kwa moja na hakuwaeleza mengi. Lee alibadilisha mpokeaji wa amri bila kubadilisha lugha yake.

Siku hiyohiyo, Meade alikuwa Taneytown, ndani ya Maryland, mwendo wa takriban kilomita 20 kutoka uwanja wa mapambano, akiwa na mpango mwingine tayari mezani: kulipanga jeshi nyuma ya kijito cha Pipe Creek na kumngoja Lee huko. Habari zikaja kwamba John Reynolds, jenerali aliyekuwa akiongoza upande wa mbele wa jeshi, ameuawa asubuhi. Meade alimwita Winfield Hancock, mmoja wa majenerali wake, akamwagiza aende Gettysburg, ashike uongozi wa vikosi vyote vilivyoko pale, aitazame ardhi, kisha amjulishe kama panafaa kupigania. Hancock alimkumbusha kwamba Oliver Howard, aliyekuwa tayari uwanjani, anamzidi kwa ukubwa wa utumishi. Meade alimwonyesha kwamba Washington imempa mamlaka ya kumweka amtakaye, na amri ile akaiandika.

Tazama kilichomo katika amri hiyo. Aliyetumwa anajua ana mamlaka gani, juu ya nani, ajibu swali gani, na jibu alipeleke wapi. Hancock alifika, akatuliza hali, akaleta taarifa kwamba mahali panafaa, na Meade akauweka kando mpango wa Pipe Creek na kuliamuru jeshi lote lielekee Gettysburg. Mtu aliyeshika madaraka siku tatu tu, akiwa na mpango aliouandika mwenyewe, aliuacha ndani ya saa chache kwa neno la Hancock. Lee aligawa mamlaka kwa kuamini kwamba ataeleweka. Meade aligawa mamlaka kwa kuhakikisha ameeleweka. Wanaosema Lee alikuwa kamanda wa kuwapa watu uhuru na Meade wa kushikilia kila kitu hawajaisoma siku hii.

Jicho la kamanda

Lee aliingia Pennsylvania akiwa kama mtu aliyefungwa kitambaa usoni. J. E. B. Stuart, mkuu wa wapanda farasi wake, alikuwa amepewa naye agizo lenye nafasi ya kutafsiri, akaondoka na brigedi tatu kulizunguka jeshi la Muungano, akateka msafara wa magari 125 ya mizigo karibu na Washington, na hakuonekana hadi alasiri ya tarehe 2 Julai. Magari hayo yalikuwa ngawira nzuri; lakini wakati Stuart akiyakokota, Lee hakujua adui yuko wapi wala ana vikosi vingapi.

Siku ya pili ndipo tofauti ya mazoea inapoonekana kwa macho. Arthur Fremantle, ofisa wa Uingereza aliyekuwa akifuatana na jeshi la Kusini kama mtazamaji, aliandika kwamba muda wote mizinga ilipokuwa ikinguruma alasiri ile Lee alituma ujumbe mmoja tu na kupokea taarifa moja tu. Huo haukuwa uzembe. Lee aliamini kwamba kazi ya kamanda mkuu ni kuwafikisha askari mahali sahihi kwa wakati sahihi, na baada ya hapo mambo yako mikononi mwa wasaidizi wake na mwa Mungu. Utaratibu huo ulikuwa umemfanikisha huko nyuma. Gettysburg mstari wake ulikuwa mrefu, umeuzunguka mstari wa Muungano kwa nje, na ujumbe kutoka ubavu mmoja hadi mwingine ulichukua muda. Mashambulizi yaliyokusudiwa kwenda pamoja yalikwenda kwa zamu.

Mstari wa Muungano ulikunjika kama ndoana, hivyo askari waliweza kukata katikati kutoka upande mmoja hadi mwingine, na Meade aliitumia nafasi hiyo kwa nguvu zake zote. Lakini asisomwe kama malaika. Asubuhi ya tarehe 2, Daniel Sickles, aliyepewa upande wa kushoto, hakuipenda nafasi yake, akatuma maswali, akaja mwenyewe makao makuu, na Meade, aliyekuwa akiutazama zaidi upande wa kulia, hakwenda kuhakikisha. Alimtuma Henry Hunt, mkuu wa mizinga, akatazame. Hatimaye Sickles aliwapeleka askari wake karibu 10,000 mbele hadi kwenye bustani ya mipichi bila ruhusa, akiacha pengo nyuma yake. Meade alipofika mwenyewe, Sickles alijitolea kurudi alikotoka, na Meade akamwambia angetamani iwe hivyo, ila adui hatakubali. Mizinga ya Longstreet ilikuwa imeshaanza kulia. Kikosi hicho kilipoteza watu zaidi ya 4,000, na Sickles alipoteza mguu.

Yaliyofuata ndiyo ninayomtaka msomaji ayatazame kwa utulivu. Meade alikuwa amemtuma Gouverneur Warren, mhandisi mkuu wake, akaangalie upande wa kushoto kabisa. Warren alipanda kilima cha Little Round Top akakuta hakuna mtu isipokuwa maofisa wachache wa ishara za bendera, na chini yake akaona Wakusini wakijipanga. Akatuma wajumbe. Mmoja wao alikuwa akimtafuta jenerali wa divisheni alipokutana njiani na Kanali Strong Vincent, ambaye alimuuliza amebeba amri gani, akaisikia, na hapohapo akaichukua brigedi yake kwenda kilimani kwa dhamana yake mwenyewe. Rejimenti ya 20 ya Maine chini ya Joshua Chamberlain, iliyokuwa mwisho kabisa wa mstari huo, ilipoishiwa risasi ilishuka mteremko kwa singe. Vincent alipata jeraha lililomuua siku chache baadaye.

Sifa ya tukio hilo hupewa Chamberlain, na anastahili. Ila mlolongo wenyewe unaanza na kamanda mkuu aliyetuma jicho mahali asipoweza kufika, ukaunganishwa na mhandisi aliyethubutu kuomba askari wasio wake, ukaishia kwa kanali aliyethubutu kuwatoa. Jioni ile Meade aliendelea kuhamisha vikosi kuziba mapengo, yeye mwenyewe akiwa karibu na mstari kiasi cha farasi wake, Old Baldy, kupigwa risasi. Uhamishaji huo ulikuwa na gharama: karibu askari wote waliokuwa Culp's Hill, upande wa kulia, waliondolewa, na kilima kikabaki na brigedi moja ya George Greene, ambayo iliokolewa na maboma ya magogo na udongo aliyosisitiza yajengwe asubuhi. Kamanda anayekimbilia kila moto huenda akaacha nyumba nyingine wazi.

Kusikiliza na kusikia

Usiku wa tarehe 2, Meade aliwakusanya majenerali wake katika chumba kidogo cha nyumba ya shambani iliyokuwa makao makuu yake. Butterfield aliandika maswali: tubaki au tuondoke, tukibaki, tushambulie au tungoje? Wakajibu mmoja baada ya mwingine, na wengi mno walisema kubaki na kungoja. Wapo waliomcheka Meade kwa kupigisha kura vitani. Wanasahau kwamba kiasi cha saa mbili usiku, kabla ya kikao, alikuwa ameshatuma telegramu Washington kwamba atabaki mahali alipo. Kikao hakikumwamulia, kilimwonyesha kama watu wake wangeusimamia uamuzi wakiwa na moyo mmoja. Kilipokwisha alimwambia John Gibbon, aliyeshika sehemu ya katikati, kwamba Lee akishambulia kesho atakuja mbele yake, kwa kuwa amejaribu pande zote mbili na kushindwa. Ndivyo ilivyokuwa.

Upande wa pili, asubuhi ya tarehe 3, Longstreet alimwambia Lee waziwazi kwamba hakuna askari watakaoweza kuiteka sehemu ile ya katikati. Lee alimsikiliza kwa heshima, kisha akamkabidhi yeyeyule aliyepinga kazi ya kuliongoza shambulio. Baada ya mizinga kupigwa tangu kiasi cha saa saba mchana, George Pickett, jenerali wa divisheni chini ya Longstreet, alimwendea mkubwa wake kuuliza kama aende, na Longstreet, akishindwa kutamka neno, aliinamisha kichwa tu. Watu wapatao 12,500 walivuka uwanja wazi wa zaidi ya kilomita moja, wakakwama kwenye uzio wa barabara ya Emmitsburg chini ya mizinga ambayo Hunt alikuwa ameinyamazisha makusudi ili kutunza risasi, na zaidi ya nusu yao hawakurudi salama. Lee aliwaendea waliorudi akawaambia kosa ni lake. Tarehe 8 Agosti alimwandikia Jefferson Davis, rais wa majimbo ya Kusini, akiomba aondolewe, Davis alikataa.

Hapa sina budi kumtendea Lee haki. Ni makamanda wachache waliowahi kulibeba kosa haraka na hadharani kiasi kile, na anayetaka kujifunza namna ya kusimama mbele ya watu baada ya kuwaangamiza kwa uamuzi wake hatapata somo hilo kwa Meade.

Wala njia ya Meade haikumfaa kila siku. Lee alirudi nyuma akakuta mto Potomac umefurika na daraja lake limeharibiwa, akabaki amebanwa karibu na Williamsport. Tarehe 12 Julai Meade aliita kikao tena, wengi wakapinga kushambulia, na safari hii akaahirisha shambulio. Askari wake walipoingia katika mahandaki ya adui asubuhi ya tarehe 14 waliyakuta karibu matupu. Lee alikuwa amevuka usiku. Rais Abraham Lincoln aliandika barua ya masikitiko makubwa kwa Meade, kisha hakuituma. Kikao kilekile kilicholiunganisha jeshi tarehe 2 kililifunga miguu tarehe 12, na tofauti pekee ni kwamba mara ya kwanza kamanda aliingia chumbani akiwa ameshaamua.

Uchaguzi wenyewe

Anayejiandaa kupokea uongozi kwa ghafla, au anayefundisha maofisa wa ngazi ya kati namna ya kuandika amri na kuleta taarifa, amchukue Meade, na aanze na agizo alilompa Hancock kabla ya kugusa jambo lolote la tarehe 2. Asiishie kwenye ushindi. Asome hadi Williamsport, la sivyo atajifunza kuita vikao bila kujifunza ni lini havifai.

Anayeongoza watu waliomzoea, wanaomwelewa kwa nusu neno, ana sababu nzuri ya kumchukua Lee, ila asianze na shambulio la Pickett kama wengi wanavyofanya, kwa sababu kufikia hapo makosa yenye mafunzo yalikuwa yameshafanyika. Aanze mwezi Mei, siku Jackson alipozikwa, na kila anapokutana na agizo la Lee ajiulize kama mpokeaji mpya angelielewa vile alivyolielewa yule aliyekufa.

Anayetafuta kisa cha ushujaa cha kuwasimulia vijana hahitaji yeyote kati yao. Vincent njiani, akimuuliza mjumbe amebeba nini, anamtosha.